Ng'ombe Aliyegeuka Choo

Mama yangu aliuza ng'ombe akajenga choo. Nikisema hivyo leo watu hucheka, na siwalaumu, kwa sababu hata wakati ule Makutano nzima ilicheka. Ng'ombe mwenyewe alikuwa wa maziwa, mweusi mwenye baka jeupe pajini, mpole hata mtoto angemkamua. Maziwa yake ndiyo yaliyonilipia karo ya sekondari. Asubuhi moja alitolewa zizini na mnunuzi aliyekuja na kamba yake mwenyewe, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amekuwa shimo, mabomba, saruji, vigae vyeupe, na bakuli la kukalia lililofika kutoka Nairobi likiwa limeviringishwa kwa majani makavu. Fundi alipolifungua, majirani walisogea kulitazama, na mzee mmoja akauliza kama hilo ndilo litakalokamuliwa sasa.

Mimi mwenyewe nina duka leo. Nimeona watu wakikopa, wakijenga, wakifilisika na kuinuka. Lakini ujasiri kama ule sijauona tena, na kila nikiukumbuka nashangaa upya.

Duka letu lilikuwa chumba kimoja katika mstari wa maduka pale Makutano, Meru, kati ya kinyozi na muuza mbolea. Mama aliuza vyondo, vile vikapu vya kusukwa kwa mkonge, asali ya chupa, na makadamia ya kukaanga. Yeye alikuwa Mwembu, mzaliwa wa Manyatta, akaolewa Meru, na upande wa mama yake walitoka Mbeere, kule chini kwenye jua kali ambako mkonge unaota kando ya njia na wanawake wanasuka tangu wakiwa wasichana. Vyondo vilipanda kwa basi kuja kwetu vikiwa vimefungwa pamoja kwenye keria ya paani, na mama alikuwa akivipokea kwenye stenji ya mabasi kwa mikono miwili utadhani anapokea mgeni.

Wanunuzi hawakuwa watu wa Meru. Mwanamke wa Meru hanunui kiondo dukani, ana shangazi anayesuka. Tulitegemea watalii, wale waliokuwa wakielekea mbugani na wale walioteremka kutoka mlimani na pua zilizochubuka kwa jua na baridi. Magari yao yalipita mlangoni kwetu. Mengi yalipita tu.

Mtu akitazama bei ya kiondo kimoja angefikiri sisi ni matajiri. Hata mimi nilifikiri hivyo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja kuitwa chuo cha ualimu, na jioni moja nilimuuliza mama kwa nini tunakula mboga ileile wakati ametoka kuuza vyondo vikubwa kwa Wajerumani. Alichukua nduma moja iliyochemshwa, akaiweka kwenye sahani, akashika kisu.

Alikata nusu nzima, akaisukuma kando. "Hii amekula msukaji."

Akakata kipande kingine. "Hii ni ya basi. Hii ni ya mwenye nyumba. Hii ni ya kanjo, wale wa baraza la mji, wakuletee leseni ya kutundika ukutani. Hii ni ya rangi. Hii sasa ni ya panya, na ya jua, na ya vile vyondo vimekaa hapo juu hadi vimepauka na hakuna mtu atavitaka."

Kwenye sahani pakabaki ncha ya nduma, yenye ukubwa wa kidole gumba cha mtu mzima. "Na hii ni yetu," akasema. Kisha akaila polepole, akitabasamu, kama mtu aliyeandaliwa karamu.

Nilimwona mama yangu upya siku ile. Miaka yote nilikuwa nikimwona akibadilishana maneno na wazungu, akicheka, akikunja shati la baba, akichota maji, na kumbe wakati wote huo alikuwa amesimama juu ya kile kidole gumba. Baadaye nilimwona akiwakatia nduma hiyohiyo watu wengi: wasukaji waliotaka kuongezwa, jirani aliyetaka kufungua duka kama letu, hata baba. Sijawahi kumwona akiikata kwa uchungu.

Kitu kimoja hakikuwa kwenye ile sahani, nacho ni kipande cha dereva. Katika miji mingine maduka yaliwalipa madereva wa watalii kamisheni ili walete wageni. Kwetu hapakuwa na pa kukata. Ukimpa dereva, unamnyima msukaji, au unameza kidole gumba chote. Kwa hiyo magari yalipita, na mama akawa anayatazama yakipita.

Halafu siku moja gari likasimama lenyewe. Akateremka mama wa Kizungu wa makamo, anatembea kwa hatua fupifupi, ameshika tumbo. Mama alielewa bila kuambiwa. Akampeleka nyuma ya maduka kwenye choo cha shimo kilichotumiwa na wapangaji wote. Mama yule aliingia, akatoka papo hapo uso umebadilika rangi, akapanda gari wakaondoka kwa kasi bila hata kutazama vyondo. Mimi niliona aibu hadi masikio yakawaka. Mama alibaki amesimama barabarani, mikono kiunoni, akiliangalia vumbi la lile gari.

"Umeona?" akaniuliza. "Wanatoka Embu hadi hapa, na hakuna mahali."

Nilisema ndiyo, nimeona, aibu tupu. Akasema mimi nimeona aibu, yeye ameona biashara.

Baba alikuwa karani wa kupima kahawa kwenye kiwanda cha wakulima, mtu wa maneno machache. Aliambiwa ng'ombe anauzwa. Akauliza, "Watu wakiniuliza ng'ombe wetu anakamuliwa wapi siku hizi, niwaonyeshe mnyororo wa choo nivute?"

"Waonyeshe," mama akasema. "Na uwatoze."

Ilibidi kuomba ruhusa kwa mwenye nyumba. Huyo alikuwa mzee Mwislamu mwenye malori, mtu wa haki lakini asiyependa mchezo na mali yake. Alikuja akatazama mahali, akapima kwa macho. Akasema jenga, mama, lakini sikiliza. Mwezi uliopita kodi ilichelewa, na mwezi kabla ya huo pia. Kama kufikia Krismasi hujawa sawa, chumba narudisha, na choo kitabaki. Mama akakubali. Ndivyo ilivyokuwa: akishindwa, ng'ombe wetu angebaki kwenye ukuta wa mtu mwingine, duka lingekwenda, na mimi ningesahau habari za chuo.

Akajenga. Na tazama akili yake: mlango wa kile choo hakuuweka nje. Aliuweka ndani, nyuma kabisa ya duka, ili anayekwenda apite katikati ya vyondo vyote, na anayerudi, akiwa sasa amepumua na moyo umetulia, apite tena katikati ya vyondo vyote. Alitia kioo, sabuni ya harufu nzuri, kitambaa safi, na maua ya shambani ndani ya chupa ya asali. Maji ya kanjo yalikuwa ya kubahatisha, kwa hiyo alinunua pipa, na kila asubuhi tulilijaza kwa ndoo. Madereva aliwawekea chai na chapati bure. Hiyo ndiyo kamisheni yangu, alisema, asiyetaka chai aendelee na safari.

Walikuja! Mwanzoni gari moja, kisha mawili. Magari yale yalisafiri kwa kufuatana, na aliyeongoza msafara alikuwa dereva mmoja wa Embu, mtu mtaratibu mwenye kofia ya kitambaa, ambaye akisimama wote wanasimama na akipita wote wanapita. Alikipenda choo kile kuliko watalii wenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alikuwa akiimba mama akiwafungulia. Tulipona kweli, kidogokidogo.

Akafanya jambo jingine. Watalii walikuwa na tabia ya kuvutana bei hadi kile kidole gumba kinakwisha. Mama akaona kwamba mtu akikikuta kiondo ukutani, hukihesabu kuwa kitu. Akiwaona wanaokisuka, huhesabu mikono. Basi akamwita msukaji wake mmoja kutoka Mbeere aje akae dukani, karibu na mlango, asuke mbele ya wageni. Alikuwa mjane, mtu mzima, mkimya, mwenye vidole virefu vyeusi kwa rangi ya magome. Sisi tulimwita cucu, nyanya kwa lugha ya kwetu. Alilala kwetu, chumba kimoja nami na wadogo zangu, akala nasi, na mchana akakaa kwenye kigoda chake akikunja uzi wa mkonge juu ya paja. Mtalii aliyemtazama akisuka mistari miwili tu hakuweza tena kufungua mdomo kuomba apunguziwe. Nilikuwa nikiwaona wakifumba midomo.

Siku ya kwanza msafara ulipofika cucu akiwa mlangoni, nilimwona akivuta leso hadi kwenye macho na kugeukia ukuta. Nilidhani ni vumbi. Yule dereva wa kofia alifika hadi kizingitini, akasimama, akarudi kwenye gari kana kwamba amesahau kitu. Hakuteremka tena. Watalii walitumia choo, wakanunua, wakaenda. Safari iliyofuata alipita bila kusimama. Akapiga honi ya kusalimia, akapita, na yale mengine yakapita nyuma yake.

Na safari iliyofuata vilevile.

Hofu iliyotuingia sijui niielezeje. Mama alipiga magoti akasugua vile vigae hadi ukucha ukakatika. Alinusa shimo. Alibadilisha sabuni. Aliongeza mayai kwenye chapati. Akateremsha bei ya vyondo, akapandisha, akateremsha tena. Kodi ikachelewa. Mwenye nyumba alipita akasimama mlangoni, akatazama juu kwenye dari, na sisi tulijua anakihesabu chumba atakachorudisha. Novemba ilikuwa imeingia na mvua.

Mimi nilimchukia yule dereva. Nilisimama barabarani nikampungia mkono, na yeye akatazama upande wa pili. Niliapa kwamba anataka kamisheni, kwamba chai yetu ameiona upuuzi. Mwishowe nikavaa sweta yangu ya shule nikateremka mjini, kwenye kituo cha mafuta walikokuwa wakiosha magari, nikamkuta anapangusa kioo.

"Tumekukosea nini?" nikamuuliza bila salamu.

"Hakuna kitu, dada. Ni vile tu hapo kwenu hakuna nafasi ya kusimamisha gari."

"Nafasi ilikuwepo juzi. Imekwenda wapi?"

Akaendelea kupangusa.

"Kama ni kamisheni, sema. Uache kutuzungusha."

Hapo aliweka kitambaa chini. Niliona nimemwumiza. "Mimi sijaitisha mtu kitu," akasema taratibu. "Yule mama hukaa hapo mlangoni. Yule wa kusuka. Unajua ni nani?"

"Ni cucu. Ni msukaji wetu."

"Mimi nimeoa kwake, dada. Bibi yangu ni msichana wake wa pili."

Nilielewa kabla hajaendelea, na hasira ikanipungua. Lakini alikuwa amengoja muda mrefu kumwambia mtu, kwa hiyo akaendelea.

"Sasa wewe niambie. Nitapitia mbele ya mama ya bibi yangu, watu wote wakijua penye naenda? Na hiyo chai, nitakunywa akiwa hapo? Kupita tu hapo mlangoni ni shida. Na nikisema wengine wasimame, mimi nibaki kwa gari nikifanya nini? Wataniuliza."

Kwetu, Meru hata Embu, mkwe na mama mkwe hawakutani hivihivi. Wakikutana njiani mmoja hupisha. Hali chakula mbele yake. Na mambo ya haja, hata kuyataja karibu naye ni kosa, seuze kuyaendea mbele ya macho yake ukipita katikati ya vyondo alivyosuka. Hiyo ndiyo nthoni, na mtu asiyekuwa nayo haaminiwi na mtu, hata gari asipewe. Mama aliyajua haya yote tangu kuzaliwa. Lakini alikuwa amejenga akiwafikiria wageni, jinsi wanavyotembea na wanavyotazama, akasahau kwamba anayeshika usukani ni mtu wa nyumbani.

Nilipomweleza, mama alikaa juu ya gunia la makadamia. Hakucheka. Nilianza kuhesabu njia. Tumwondoe cucu mlangoni? Mikono ikiondoka, watalii wataanza tena kuvuta bei, na cucu alikuwa akila kwa ile mikono. Tutoboe mlango wa nje? Ukuta si wetu, na pesa ya fundi haipo. Tumwambie cucu? Utamwambia nini mtu mzima? Kwamba mkwe wake anashindwa kwenda haja kwa ajili yake? Neno lenyewe halitamkiki.

"Huyo dereva naye," nikasema kwa hasira iliyobaki, "si azoee tu. Mwenye njaa hana miiko."

Mama akanigeukia kwa ukali ambao sikuuzoea. "Nani amekwambia? Mwenye njaa ndiye ana miiko. Hana kitu kingine."

Nadhani cucu alitusikia, au labda alikuwa amejua tangu siku ile ya leso. Nani angejua kuliko yeye kwa nini magari hayasimami? Wiki zote zile alikuwa amekaa pale akisuka, akiuona mlango ulio wazi na barabara tupu, akijua kwamba ni yeye, na hakuna njia ya kusema. Jumamosi ile alikunja mkonge wake wote, akafunga kigoda kwa kamba, akapanda basi la Embu kwenda kwao Mbeere. Hakusema atarudi lini. Jumatatu hakuja. Juma zima likapita, likapita jingine. Mama alisema, bila kumlaumu, kwamba cucu ametuamulia.

Lakini magari nayo hayakurudi, kwa sababu hakuna aliyemwambia dereva kwamba mlango uko wazi, na mama alinikataza nisimwambie. Kumwambia, alisema, ni kumtangazia kwamba amemfukuza mama mkwe wake kwenye riziki.

Desemba ilikuwa imeanza kondakta wa basi aliposimama mlangoni kwetu akipiga kelele tuje tuteremshe mzigo. Juu ya keria palikuwa na kitu kimeviringishwa, kirefu kupita mtu, kimefungwa kwa kamba mara nyingi. Cucu aliteremka baada yake, na kigoda chake mkononi. Tulikibeba ndani sisi watatu na kinyozi wa jirani, tukakifungua sakafuni, na mama akaweka mkono mdomoni.

Lilikuwa pazia. Pazia la mkonge, limesukwa kama kiondo kinavyosukwa, mstari kwa mstari, lakini kubwa, la kutoka kwenye boriti hadi chini. Rangi zake zilikuwa za magome na matope ya kwao: nyekundu ya udongo, nyeusi, na ile nyeupe ya mkonge wenyewe. Alikuwa amewakusanya wanawake wa kijiji chake, kila mmoja kasuka upande wake, usiku na mchana, kisha wakaunganisha, na hukuweza kuona palipoungana. Hadi leo nimelitafuta lile ungio sijaliona. Kwa chini, kwenye kimo cha mtu aliyekaa, walikuwa wameacha nafasi mbili za kupitisha mikono.

Cucu aliketi kando. Alisubiri baba arudi kutoka kiwandani, yeye na kinyozi walitundike mbele ya pembe yake ya karibu na mlango, akaingia nyuma na kigoda, akakaa. Kwanza hatukuona kitu. Kisha ile mikono ikatokea, yenye vidole virefu vyeusi, ikiwa na kiondo kilichoanzwa, na ikaanza kusuka. Mtu hayupo. Mikono ipo. Mama alianza kulia, na mimi nikaona kwamba nami nalia, na kinyozi akaondoka haraka akidai ana mteja.

Baada ya muda sauti ya cucu ikatoka nyuma ya pazia. "Mwambie mwenye gari kuna njia."

Nilikimbia hadi mjini.

Alikuja siku ya tatu, na magari mengine nyuma yake. Watalii walikuwa wameshaingia, wanazungumza wote kwa pamoja. Dereva alisimama kizingitini. Akavua kofia. Akakohoa, kikohozi kile cha mtu anayebisha hodi kwa wakubwa.

Nyuma ya pazia mikono ikasimama. Ikajikunja, ikarudi ndani polepole, kiondo kikabaki kwenye sakafu.

Akapita. Alipita macho yakiwa chini, kofia kifuani, hatua za kuhesabu, na lile pazia likiwa kati yake na mama wa mke wake. Watalii hawakujua lolote, hakuna aliyewaeleza, lakini walinyamaza. Hata waliokuwa wakicheka walinyamaza. Mama mmoja wao aliteremsha kamera yake. Nilisimama na chenji ya mtu mkononi, nikahisi niko mahali patakatifu, na pale mahali mtu alikuwa anakwenda chooni! Alipofunga mlango nyuma yake, mikono ikatoka tena, ikaokota kiondo. Aliporudi na kukohoa, ikaingia tena. Mama alimpa chai yake upande wa pili wa pazia, akainywa yote, na chapati mbili.

Tangu siku ile hatukuvutana bei na mtu. Watu walisimama mbele ya ile mikono wakasahau safari. Siku chache kabla ya Krismasi mzee mmoja mtalii, mwenye fimbo, alilizunguka lile pazia, akaligusa, akamwita mama, akataja bei. Ilikuwa bei ya ng'ombe wetu, na ndama juu. Nilisikia vizuri. Kodi ilikuwa bado haijatimia, na mwenye nyumba alikuwa ameshatuma neno kwamba anakuja. Nilimkazia mama macho nikimwomba kwa moyo wangu wote.

Mama aligeukia pazia. "Cucu," akauliza kwa Kiembu, "umesikia?"

Mikono haikusimama. Ilivuta uzi, ikafunga fundo, ikaendelea na mstari uliofuata.

"Haliuzwi," mama akamwambia yule mzee. Akamwuzia vyondo vinne badala yake, na asali.

Nilimfuata nyuma kwenye pipa la maji nikamuuliza kama ana wazimu. Aliendelea kuchota. "Kiondo naweza kukukatia," akasema. "Huyu amekula hiki, na huyu kile. Hilo pazia nilikate wapi? Nani amelila?" Nikachukua ndoo ya pili.

Mwenye nyumba alikuja, kama alivyoahidi. Alikuta magari manne nje na hapana pa kusimamisha lori lake. Aliingia, akatazama umati, akatazama pazia na mikono, akamwomba mama ruhusa, akapita hadi nyuma. Alikaa huko muda mzuri. Alipotoka akipangusa mikono alisema, "Mashallah, mama. Hata nyumbani kwangu hakiko hivi." Mama akampa kodi yake, yote na ile ya nyuma. Akaizungusha mkononi bila kuihesabu, akanunua kiondo cha mkewe, na wala hakuomba apunguziwe.

Jioni ile mama alichemsha nduma. Akakata ya msukaji, ya basi, ya mwenye nyumba, ya kanjo, ya rangi, na ya panya. Kisha akakata kipande kingine ambacho sikukijua, akakiweka mbele ya cucu, juu ya kile alichokwisha kupewa. Cucu alitaka kukirudisha, mama akamshika mkono. Na bado kwenye sahani pakabaki kipande cha kutosha kugawana mimi, baba na wadogo zangu. Baba alikitafuna akatazama upande wa zizi lililo tupu, akasema nduma hii ina maziwa.

Mwaka uliofuata tulinunua mtamba. Nilikwenda chuoni, nikafundisha, na mama alipozeeka nikarudi dukani. Choo nimekibadilisha mabomba, pazia sijaligusa. Cucu alikufa kwao Mbeere zamani sasa. Hakuna anayekaa nyuma ya pazia.

Yule dereva aliacha kazi ya usukani, mgongo haumruhusu. Mwezi jana alikuja kwa miguu, kofia yake ileile au nyingine kama ile, kumnunulia mjukuu kiondo cha shule. Nilimwambia apite nyuma apumzike. Alifika kizingitini akasimama. Akavua kofia. Akakohoa, akangoja kidogo, muda ule ambao mikono hutumia kujikunja na kuingia ndani. Kisha akapita, macho chini. Nilikwenda kwenye jiko nikamwekea chai yake upande uleule wa pazia.